Lebi Uani

Mti wa lebi umechanua. Ukipita chini yake asubuhi, inamisha tawi moja uangalie: ua lililofunguka jana jioni ni jeupe bado, kingo zake zimejikunja-kunja, na nyuzi ndefu za chavua zimechomoza mbele. La juzi limeshageuka manjano ya kuiva. Aliyezoea mkrismasi wa Nairobi au Mombasa ataona ujamaa, nao ni ndugu kweli. Ila mkrismasi asili yake ni Madagaska. Lebi ni wa nchi hizi kavu, zetu, za Somalia na za Ethiopia.

Weupe ule una wenyewe. Wageni wa lebi ni nondo wakubwa wa usiku, wenye mrija mrefu wa kufyonzea. Baada ya Isha, zima taa ya uani kwanza, maana taa kali huwavuta wakaliacha ua. Kisha subiri. Hawatui, huelea mbele ya ua, wakanywa, wakahamia jingine.

Mandera mjini tunakaa chini ya mwarobaini, mgeni kutoka Asia, na kivuli chake tunakishukuru. Mti wa mathenge ni habari nyingine. Uliletwa Kenya miaka ya 1970 kuzuia jangwa, na mwaka 2006 wafugaji wa Baringo walifika mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Mti wa kigeni tunaumwagilia maji, wa kwetu tunaukata kuni. Hilo linaniuma.

Kwa anayetaka kupanda: mbegu ya lebi ina ganda gumu. Zimwagie maji ya moto, ziache zipoe humo usiku kucha. Zilizovimba ndizo za kupanda, zisizovimba zirudie. Tawi nene likichomekwa ardhini nalo hushika. Uwe tayari kabla ya Gu, mvua za masika, kwani mvua yetu ya mwaka mzima haifiki milimita 300, na mche ulioikosa Gu utaishi kwa maji ya mtungi hadi Deyr, mvua za vuli.

Mwenye nafasi aongeze mswaki. Haupukutishi majani kiangazi, na matunda yake madogo yakiiva ndege hawabanduki.

Miti yote miwili izungushie miiba mikavu, ifike juu ya shingo ya mbuzi. Ngamia akipita, kaa mwenyewe mlangoni.