Kubofya si kutuma!

Jamani watengeneza tovuti wenzangu, leo sina utani. Kuna uongo tunaowauzia wateja wetu kila mwezi, tena kwa grafu za rangi rangi.

Juzi niliitwa na chuo kimoja, sitakitaja, nikague fomu yao ya maombi ya kujiunga. Ripoti ilisema maombi mia nne na ushee. Kwenye hifadhidata hayakufika mia tatu. Wakubwa walishuku kuna mtu anafuta data. Wapi! Aliyenitangulia alikuwa amefunga JavaScript kwenye kitufe cha "Tuma": ukibofya tu inahesabu moja, halafu inaandika "Ahsante, ombi lako limepokelewa." Limepokelewa na nani? Seva yenyewe ilikuwa haijajibu!

Sasa fikiria mtoto wa watu yuko saiba, mtandao unakatika akiwa anatuma. Anasoma hiyo Ahsante, analipa pesa ya saiba, anaenda nyumbani kungoja barua.

Kubofya hutokea hata fomu ikiwa tupu. Tukio la submit ni afadhali kidogo, kwa sababu kwa kawaida kivinjari hukagua kwanza sehemu za lazima, lakini bado ni kabla data haijaondoka. Na ukiita form.submit() ndani ya skripti, tukio hilo halitokei kabisa, kwa hiyo hapo unahesabu pungufu. Aliyebofya mara tatu kwa sababu ukurasa umekwama? Ni watu watatu! Aliyezima JavaScript? Huyo hajazaliwa.

Najua kuna atakayenitajia sendBeacon. Ni kifaa kizuri, husaidia hesabu yako isipotee ukurasa unapofungwa. Lakini hesabu kufika ni jambo moja, fomu kufika ni jingine.

Mimi nahesabu kwenye seva, rekodi ikishahifadhiwa. Kila fomu inabeba namba yake, ikitumwa mara mbili inahesabiwa mara moja. "Ahsante" inatoka hapo, na namba ya ombi juu yake. JavaScript naiachia kazi inayoiweza: kunionyesha watu wanakwama wapi kabla ya kutuma.

Wale wa chuo waliniuliza kama naweza kuwapata waliopotea. Baadhi ni mibofyo ya kurudia tu, sawa. Waliobaki ni watu, na majina yao hayakuandikwa popote.