Kubomoa Ndio Ukoloni Wenyewe

Kila nikitetea majengo ya zamani ya tao, kuna mtu ananirukia: "Si hayo ni ya mkoloni? Wacha yaende." Hoja hiyo ni tamu, na wenye matingatinga wanaipenda sana. Lakini haisimami.

Chukua mradi wa Railway City. Serikali inataka kujenga upya ekari 425 kuzunguka kituo cha zamani cha reli cha Nairobi: maofisi, maduka, nyumba, minara. Hapo ndipo mji huu ulipozaliwa mwaka wa 1899, kambi ya reli kwenye kinamasi. Kuna karakana, kuna mabohari, kuna jasho la watu ambao majina yao hayako kwenye barabara yoyote. Sipingi treni nzuri. Nimebanwa kwa matatu za kutosha. Napinga kufutwa.

Tazama Kipande House pale Kenyatta Avenue, jengo la 1913. Humo wanaume Waafrika waliandikishwa na kupewa kipande, kikaning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Leo ni benki. Likibomolewa, nani atashukuru? Si babu yako. Ni mkoloni, kwa sababu ushahidi dhidi yake utakuwa umegeuka kifusi.

Au McMillan. Maktaba hiyo ilifunguliwa 1931 kwa wazungu peke yao, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, kwa hivyo tao ndiyo darasa langu. Nikipita kati ya wale simba wa mawe mlangoni, najua nakanyaga mahali nilipokatazwa. Hakuna mnara wa vioo utakaonifunza hivyo.

Na kama ni ukoloni tunatafuta, hebu tukumbuke Pangani ya kwanza, kijiji cha Waafrika hapa Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya mkoloni ilikibomoa kwa jina la usafi na mpangilio, na wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Hutaki kuhama? Shauri ya moyo wako. Mchezo ni ule ule: ramani inachorwa ofisini, mwananchi anaijua siku ukuta unaanguka. Huo ndio urithi wa mkoloni tunaoutunza vizuri kuliko jengo lolote.

Usiniambie kwamba mambo yakishaamuliwa juu yameamuliwa. Mwaka wa 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akakataa. Alitukanwa hadi Bungeni, lakini mnara haukujengwa. Wewe unayekula chips pale kwenye nyasi siku za sikukuu, unakalia kazi yake.

Sheria tunayo. Ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kulinda jengo kwa kulitangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Basi tudai vitu viwili. Orodha ya majengo yatakayobaki kwenye zile ekari 425 ibandikwe kituoni, kwa Kiswahili, msafiri aisome akingoja treni. Na yakishalindwa yafunguliwe, yawe maktaba, karakana za vijana, kumbi za muziki. Jengo lililofungwa kwa kufuli halina wa kulililia.

Tusingoje vumbi ndio tuanze kuuliza.