Msitu Uwekwe Wakfu: Ilani ya Wenye Miti wa Pemba

Sisi wakulima wa karafuu, wafuga nyuki, wakata boriti na warithi wa makonde ya Pemba tunatangaza kwamba miti tuliyoachiwa na wazee wetu haitageuzwa viwanja. Tutaendelea kuichuma, kuipogoa na kuivuna kwa kiasi. Haki tunayojivua ni moja tu: haki ya kuumaliza msitu.

Msitu wa Ngezi umehifadhiwa tangu 1959, nasi tunaulinda kwa moyo mmoja. Lakini Ngezi ni kipande cha kisiwa. Miti yetu mingi haimo katika hifadhi yoyote. Imo vilimani na mabondeni kwetu, mikarafuu ikichanganyika na miembe, mifenesi na mivule. Kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoibeba biashara ya karafuu, na hadi leo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka huku. Msitu huu umesomesha watoto na kuwapeleka wazee Makka.

Sasa unakatika vipande. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya serikali, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Eka hizo leo zina warithi wengi. Mmoja akibanwa na gharama za hospitali, anauza fungu lake, na mnunuzi anaanza na msumeno. Hatumlaumu aliyeuza. Tunasema hakuwa na njia nyingine, na njia hiyo ndiyo tunayoidai.

Wengine wameipata. Mwaka 2001, ukoo wa Pingree katika jimbo la Maine, Marekani, uliuza haki ya kujenga juu ya zaidi ya eka 750,000 za msitu wake. Magogo yanavunwa kama zamani na ardhi ni yao, ila haitajengwa kamwe, hata ikipita mikononi mwa nani. Kenya iliingiza masharti ya namna hiyo katika sheria yake ya mazingira ya 1999. Huko Tanzania Bara, kijiji cha Terrat, Simanjiro, kilikubaliana na kampuni za utalii kulipwa kila mwaka ili uwanda wa malisho usilimwe.

Nasi Wapemba jambo hili si geni kwetu. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Kinachotumika ni matunda yake. Wazee waliweka minazi na mashamba wakfu kwa ajili ya misikiti na mayatima. Kwa nini msitu unaotunza chemchemi ya mtaa mzima usipewe heshima hiyo? Na kuhifadhi si kufukuza: kisiwa cha Misali kimehifadhiwa tangu 1998 na wavuvi hawakufukuzwa. Sehemu ndogo ilifungwa, kwingine wakaendelea kuvua. Kijijini Kidike, popo wa Pemba aliyekaribia kwisha kwa kuwindwa ameongezeka kwa ulinzi wa wanakijiji wenyewe.

Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996 iliruhusu jamii kufunga mikataba ya kutunza misitu na serikali, na mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili) ulioanza 2010 uliieneza mikataba hiyo katika shehia nyingi. Tunaitetea. Lakini mradi huo ulikwisha, na konde la familia limebaki nje.

Kwa hiyo tunalitaka Baraza la Wawakilishi litunge kifungu kitakachomruhusu mwenye haki ya matumizi ya ardhi kuifunga miti yake kwa mkataba wa kudumu, uandikwe katika daftari la ardhi na umfunge kila mrithi na mnunuzi. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ishirikishwe kuusimamia. Karafuu, asali, dawa, kuni kavu na boriti za zamu ziruhusiwe. Kukata viwanja, kuchimba mawe na kung'oa miti kupigwe marufuku. Anayejifunga alipwe, maana anaacha fedha ambayo jirani yake ataipokea. Na lisiingie konde hata moja bila ridhaa ya warithi wote, wanawake kwa wanaume.

Ndugu mwenye konde, kabla ya msimu ujao wa karafuu waite nduguzo mkae kitako. Kubalianeni kipi hakitauzwa, kisha mwendeeni sheha mkiwa pamoja.