Spika tano, kabati moja

Hivi jamani, nani alitufundisha kwamba spika zote za hom theta zinakaa kwenye kabati la TV? Ingia sebuleni kwa watu hapa Dar, iwe Sinza, Tabata au Mbezi, mpangilio ni uleule: TV katikati, spika mbili kulia, mbili kushoto, ile ya kulala imewekwa juu ya king'amuzi, na sabufa chini imevalishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mtu kalipia spika za kumzunguka, halafu hakuna hata moja iliyomzunguka. Zote zinamkodolea macho kutoka upande mmoja.

Mimi nasema huo ni upotevu wa pesa. Sauti ya 5.1 ni njia sita zilizorekodiwa kila moja na kazi yake. Ya katikati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya maneno ya waigizaji. Za mbele, kushoto na kulia, hubeba muziki na mambo yanayotokea kwenye picha. Mbili za pembeni zina mvua, helikopta inayopita, kelele za watu uwanjani. Ile "nukta moja" ni mngurumo tu, sauti za chini ya hezi 120. Dolby Digital ilipoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns, spika za pembeni zilikuwa kwenye kuta, ubavuni na nyuma ya watazamaji. Mvua ikinyesha unaisikia begani. Mvua yako wewe inanyesha kwenye kabati.

Mahali pa kuziweka si siri wala si ufundi wa ajabu. ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa cha mambo ya mawasiliano, kina pendekezo lake la tangu miaka ya 1990. Chukulia umekaa katikati ya saa ya ukutani na TV iko kwenye 12 (soma namba zilizoandikwa, tusianze ugomvi wa saa sita na saa kumi na mbili). Spika ya katikati ikae hapo kwenye TV. Ya kulia kwenye 1, ya kushoto kwenye 11, kiasi kwamba wewe na hizo mbili mnafanya pembetatu ya pande sawa. Za pembeni zikae kati ya 3 na 4, na kati ya 8 na 9, yaani nyuma kidogo ya masikio. Za mbele ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, za pembeni unaweza kuzipandisha kidogo. Basi. Kama mashine yako ina menyu ya umbali, pima kwa futi kamba uingize, maana sauti hutumia kama milisekunde 3 kwa kila mita na spika iliyo karibu itawahi kuliko wenzake. Na angalia waya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza moja, besi inakonda na hujui kwa nini.

Tatizo letu kubwa, nadhani, liko kwenye makochi. Sebule ya Mbongo ni ya wageni. Makochi yameegemea kuta pande tatu ili watu watazamane wakizungumza, TV imepewa pembe yake, na kila anayeingia lazima apate pa kukaa. Mimi naupenda utaratibu huo na sitamwambia mtu auvunje kwa ajili ya helikopta. Lakini hom theta inataka kiti kimoja kiwe mfalme, na nyuma yake pawe na nafasi. Kwa kochi lililobanwa ukutani, mwenye nafasi nzuri ni mmoja. Shangazi wa pembeni ana spika ya nyuma inayompigia kelele sikioni, haambulii neno la muigizaji.

Kwa hiyo ushauri wangu utawaudhi wauza redio: kama makochi hayasogei, usinunue spika tano. Pesa hiyohiyo nunua mbili nzuri, ziweke mbali na TV kila upande, zivue vitambaa. Vitu vingi tunavyoangalia, video za muziki na filamu nyingi za mtaani, ni vya njia mbili tu, kushoto na kulia. Na usidanganywe na boksi lililoandikwa wati 5,000 PMPO. Geuza mashine, soma kibao cha nyuma kinasema inakula umeme wati ngapi. Haiwezi kutoa muda wote zaidi ya inachokula.

Imebaki sabufa, na hapa sina utani. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, refu kuliko sebule nyingi za kupanga. Halijali ukuta wa tofali moja, na kwenye nyumba ambazo ukuta haufiki bati linavuka juu kama paka. Wewe unasikia filamu, jirani anasikia dum dum isiyo na hadithi, na mtoto wake kalala upande wa pili wa tofali hilohilo. Isogeze mbali na ukuta mnaochangia. Sauti nzito hivyo sikio halijui vizuri zinatoka wapi, kwa hiyo hupotezi kitu. Ukiiweka pembeni kabisa kwenye kona inazidi nguvu yenyewe, basi punguza. Nyingi kati ya hizi za bei nafuu, sabufa ndiyo yenye amplifaya ndani, ukiizima zote zinanyamaza, kwa hiyo usiniambie huna namna. Kitufe kipo palepale mbele, kimeandikwa BASS, na kinazunguka pande zote mbili.