Jina la Kanyangi na Nukta Yake Ramanini

Katika mijadala ya wapenzi wa Kiswahili, ramani za kidijitali aghalabu huachiwa wanajiografia na wapima ardhi. Husemwa kwamba mtaalamu wa fasihi au isimu hana lake huko. Dai hilo halina mashiko, na historia ya Kitui yenyewe inalikanusha.

Tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui, aliuona mlima wenye theluji ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Tamko hilo, jinsi lilivyosikika katika sikio la mgeni, ndilo lililozaa jina la mlima na hatimaye jina la nchi nzima. Krapf huyo huyo ndiye mtunzi wa kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Kwake, kukusanya maneno na kuieleza nchi zilikuwa kazi za meza moja. Vyuo vya baadaye ndivyo vilivyozitenga.

Na uchukuliwe mfano wa Kanyangi, sehemu ya Kitui inayoelekea Makueni. Somo la kwanza la mfumo wa taarifa za kijiografia ni kwamba kila mahali ni jozi ya namba. Kanyangi iko digrii moja na ushei kusini mwa Ikweta, na takribani digrii 38 mashariki mwa Greenwich. Tarakilishi huitambua kusini kwa alama ya kutoa. Mwanafunzi akiisahau alama hiyo, Kanyangi huivuka Ikweta na kutua katika nyika za upande wa Laisamis, Marsabit. Akizipindua namba, latitudo ikakaa mahali pa longitudo, Kanyangi huhamia kusini-mashariki mwa Hispania! Kisha huja nukta, mstari na eneo: kisima ni nukta, Mto Athi ni mstari, shamba ni eneo. Kila aina hupewa tabaka lake, na kila umbo hufungamanishwa na jedwali la sifa zake: kina cha kisima, mwaka kilipochimbwa, kama kina maji mwezi wa Septemba. Haya yote yamesemeka kwa Kiswahili, pasipo istilahi iliyobuniwa jana.

Hapo ndipo hoja ya kukosekana kwa istilahi inapodhoofika. Ni kweli kwamba menyu za programu nyingi zimejaa Kiingereza, na mwanafunzi hana budi kuzisoma. Hata hivyo, kuusoma mtambo si sawa na kuielewa dhana. Lawama nyingine iwaendee Waswahilishaji wenyewe, ambao wakati mwingine huunda maneno mazito na kuyafungia vitabuni kabla hayajatamkwa na mtu yeyote kazini.

Suala zito zaidi ni majina. Kikamba kina irabu saba. Orodha nyingi za ramani huandika tano tu, zikaziacha ĩ na ũ. Majina mawili tofauti huweza hivyo kuonekana jina moja. Kinyume chake, Kwa Vonza na Kwavonza ni mahali pamoja kwa mkazi, bali kwa tarakilishi ni mahali pawili. Katika nchi kame, kisima kilichoandikwa mara mbili humnyima mwingine nafasi katika hesabu, na kisichoandikwa huenda kisikumbukwe pampu inapoharibika. Anayejua fonolojia ndiye anayefaa kuketi karibu na mchora ramani, si kusahihisha baadaye.

Mifano ya wasio wapima ardhi ipo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliuchora mtaa wao, ambao ramani za mtandaoni zilikuwa zimeuacha mtupu. Tangu mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi wa Dar es Salaam waliichora mitaa inayofurika, katika mradi ulioitwa Ramani Huria. Jina lenyewe ni la Kiswahili.

Gharama nayo si kisingizio kikubwa. Programu ya QGIS, iliyoanza mwaka 2002, hupatikana bure na hufanya kazi hata penye intaneti hafifu. Simu ya kawaida hupokea ishara za setilaiti bila malipo. Muhula mmoja watosha kuanza: idara ya Kiswahili na ya Jiografia zitume wanafunzi wachache, wawili wawili, kutoka Kanyangi hadi ukingo wa Athi. Mmoja ashike simu na kuandika namba; mwenzake amsikilize mzee wa mahali hapo akilitamka jina, na kumuuliza alikuwa nani huyo wa “Kwa”.