Shule Hufungwa, Ulezi Haufungwi

Mtu apokeaye mtoto wa mwenzake ili amlee hutwaa dhamana, na dhamana haina likizo. Neno hili ni dhahiri, lakini shule nyingi za bweni za Kenya huenenda kana kwamba halijapata kusemwa. Mara tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti, na tena mwaka unapokaribia kwisha, kengele ya mwisho hulia, masanduku hubebwa, mabasi hujaa, na lango hufungwa. Pamoja na lango hufungwa chumba cha mwalimu wa ushauri nasaha. Kijana aliyekuwa akimwendea mwalimu huyo kila juma kumweleza hofu zake huenda kwao na karatasi yenye alama za hesabu na sayansi, tarehe ya kurudi, na kiasi cha karo kinachodaiwa. Juu ya moyo wake karatasi hiyo haisemi neno. Miezi mitatu hivi ya kila mwaka hupita kwa namna hii, na hakuna aulizaye.

Haiwezi kusemwa kuwa jambo hili ni la watoto wachache. Uchunguzi wa kitaifa juu ya afya ya akili ya vijana wa Kenya, uliotolewa mwaka 2022, ulihusu vijana wa miaka 10 mpaka 17. Ulikuta kwamba zaidi ya 4 katika kila 10 walikuwa wamepatwa na matatizo ya afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na kwamba yapata mmoja katika kila 8 alikuwa na maradhi yanayotambulikana kwa vipimo vya waganga. Katika darasa la wanafunzi 48, hao wa mwisho ni 6. Shirika la Afya Duniani nalo hutaja kujiua miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 mpaka 29. Watoto hao 6 hawaachi maradhi yao bwenini pamoja na vitanda. Huyabeba mpaka nyumbani, na kitu pekee wanachokiacha nyuma ni mtu aliyekuwa akiyajua.

Watetezi wa desturi hii wana hoja, na kila hoja yastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba likizo yenyewe ni dawa, na kwamba hakuna mganga apitaye mzazi. Kwa mtoto mwenye nyumba ya amani neno hili ni kweli, wala hapana atakayelipinga. Lakini nyumba zote si za amani. Yuko akutaye baba na mama wametengana tangu alipoondoka. Yuko akutaye njaa. Yuko binti amwogopaye jamaa alalaye chumba cha pili. Yuko aliyeanguka mtihani, ambaye kila mgeni aingiaye humuuliza alama zake mbele ya watu. Kenya ilipata fundisho lake mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya maradhi ya Korona, na wanafunzi wengi wasirudi mpaka Januari 2021. Utafiti uliofanywa magharibi ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana wa sekondari waliokumbwa na kufungwa huko walikuwa na hatari maradufu ya kushika mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu ya kuacha masomo, kuliko wenzao waliowatangulia. Nyumba iliyotakiwa kuwa kinga haikuweza kuwakinga wote. Katika miezi hiyo hiyo masomo yalipelekwa majumbani kwa redio na televisheni, ikadhihirika kwamba sauti ya mwalimu yaweza kuvuka lango lililofungwa. Chombo kilichoweza kubeba hesabu kingeweza pia kubeba faraja.

Hoja ya pili ni kwamba simu ndiyo maradhi yenyewe, na kwamba kuitaka iwe dawa ni kumwomba mwizi alinde ghala. Madhara yapo, na asiyeyakiri si mkweli. Simu humnyima kijana usingizi, humwingiza katika kamari, humletea dhihaka za wenzake mpaka kitandani, na humwonyesha maisha ya watu wengine yakiwa yamepambwa hata ayachukie yake. Lakini hebu itazamwe desturi ilivyo. Katika muhula mwanafunzi wa bweni hukatazwa kabisa kuwa na simu. Katika likizo huishika mchana na usiku, bila mtu wa kumwelekeza. Aliyezuiwa miezi mitatu asiyaone maji, kisha akaachwa peke yake ukingoni mwa mto, asilaumiwe akizama. Walaumiwe waliokataa kumfundisha kuogelea. Kijana atakuwa na simu katika likizo, shule ipende isipende. Wabaya wake wanajua kumfikia kwayo, na wacheza kamari wanajua kumfikia kwayo. Mwalimu wake peke yake ndiye asiyemfikia, naye hujiona mwenye busara kwa kutofanya hivyo.

Ya tatu hutoka upande mwingine, kwa wapenzi wa mambo mapya. Hawa husema kwamba mwalimu hana haja ya kusumbuliwa, kwa kuwa siku hizi zipo programu zinazojibu kama mtu, usiku na mchana, bila kuchoka. Hoja hii ni ya hatari kuliko zilizotangulia, maana ina sehemu ya ukweli. Watafiti wa Shamiri nchini Kenya walichapisha mwaka 2020 matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi 103, ambamo kikao kimoja tu mbele ya kompyuta kilipunguza dalili za sonona majuma mawili baadaye. Kwa hiyo chombo si bure. Lakini jaribio hilo lilifanywa shuleni, mahali penye watu. Na mwaka 2021 watafiti hao walichapisha jingine kubwa zaidi, ambamo vijana waliomaliza shule si zamani, waliopewa mafunzo mafupi, waliongoza vikundi vya wanafunzi, na sonona na wasiwasi vikapungua. Fundisho la majaribio haya mawili ni moja: msaada mfupi na wa kawaida hufaa, na hauhitaji bingwa. Halisemi kwamba hauhitaji mtu. Programu haiwezi kusikia mtoto akinyamaza kwa namna isiyo ya kawaida, wala haiwezi kumtuma mtu akabishe hodi. Shule imkabidhiyo mtoto mwenye huzuni kwa programu, kisha ikaenda zake, imemtupa kwa adabu tu.

Iko na hoja ya nne, ya wale wajifichao nyuma ya sheria. Hao hukumbusha kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo. Ni kweli, na ilifanya vyema, kwa kuwa mtoto anahitaji kupumzika. Lakini kumjulia mtoto hali si kumfundisha aljebra. Ajabu ni kwamba marufuku hiyo imevunjwa mara nyingi kwa ajili ya masomo ya kulipiwa, na hutajwa kwa heshima kubwa pale tu panapotakiwa jambo lisilolipiwa.

Basi nini kifanywe? Jambo lenyewe ni dogo kuliko woga wake. Halihitaji intaneti wala simu ya bei kubwa. Lahitaji simu ya kawaida, mwalimu, na saa iliyopatanwa. Kabla ya kufunga shule, mwalimu wa ushauri nasaha aketi na kila mwanafunzi anayejulikana kuwa na mzigo, wapatane siku, saa, na simu itakayopigwa. Neno hili la mwisho lina uzito, maana katika nyumba nyingi simu ni ya mama, au ni ya wote, na ujumbe usomwao na asiyehusika waweza kumletea mtoto fimbo badala ya faraja. Kwa hiyo siri isiandikwe katika ujumbe. Iandikwe salamu tu na saa ya kuzungumza. Pia yawepo maneno ya mapatano, yasiyoshukiwa na asikiaye, ambayo mtoto atayataja akitaka kusema kwamba hawezi kuzungumza mahali alipo, au kwamba yu hatarini. Na ijulikane tangu mapema, mtoto akiwa hatarini, ni nani wa karibu atakayemwendea: afisa wa watoto, mhudumu wa afya wa kijiji, au chifu.

Juu ya hayo, namba 116, ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo katika Kenya na katika Tanzania pia, ichapwe juu ya karatasi ya matokeo, mahali karo inapochapwa, kwa herufi zilizo kubwa kama za karo.

Itasemwa kuwa kazi hii itamlemea mwalimu. Na ihesabiwe. Katika shule ya wanafunzi 480, mmoja katika kila 8 ni wanafunzi 60. Kila mmoja akipewa dakika 10 kwa juma, jumla ni dakika 600, yaani saa 10. Walimu 5 wakigawana, ni saa 2 kwa kila mmoja. Si haki, hata hivyo, mwalimu atoe saa hizo na gharama za simu katika mshahara wake, kwa kuwa likizo ni yake pia. Alipwe, apewe zamu, na Wizara ya Elimu ilitambue jambo hili kuwa kazi, isiliite hisani. Nchi iliyoweza kulipia mitihani yaweza kulipia dakika 10.

Zamani woga ulikuwa na kisingizio kingine, maana kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na kijana aliyewaza hivyo alikuwa na sababu ya kunyamaza. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho kilipingana na Katiba. Mahakama ilifanya sehemu yake. Iliyobaki ni sehemu ya wale ambao watoto huwaita walimu.

Mtoto aliyefika ukingoni mwa kukata tamaa hatafuti hotuba, wala hatafuti mashine yenye majibu mengi. Hutafuta dalili kwamba yuko mtu anayekumbuka jina lake hata siku ambayo halazimiki kuliita katika daftari. Dalili hiyo yaweza kumfikia Jumamosi alasiri, katika simu ya mama yake, kwa gharama ndogo kuliko ya kitabu cha mazoezi. Shule iwezayo kuituma na isiitume haina haki, muhula ufunguliwapo na kiti kimoja kikabaki kitupu, kuuliza mwenyewe yuko wapi.