Jioni Isiyo na Mgeni Rasmi

Ndugu zangu wapenda vitabu wa Dar es Salaam,

Nawaandikia kutoka Chicago. Kila tunapoandikiana mnaniuliza kama Wamarekani kweli wana muda wa kukaa kusikiliza mashairi, maana huko, mnasema, ukiita watu hawaji. Jibu langu huenda lisiwapendeze: watu wa huko hawaji kwa sababu hawajui waje lini.

Nianze na Bi Vivian Harsh, mkutubi. Mwaka 1932 alikabidhiwa maktaba mpya ya Hall huko Bronzeville, mtaa wa Weusi upande wa kusini mwa jiji. Hakuna Mweusi aliyekuwa ameongoza tawi la maktaba ya umma hapa kabla yake. Uchumi ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, naye mwaka uliofuata akaanzisha vikao vya kujadili vitabu, vikaenda miaka nenda miaka rudi. Mshairi Langston Hughes alipita hapo, na mwandishi Zora Neale Hurston, na Gwendolyn Brooks, binti wa upande huohuo wa jiji. Mwaka 1941 Brooks alijiunga pia na darasa la ushairi katika kituo cha sanaa cha South Side, na mwaka 1950 akawa Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer. Sisemi vikao ndivyo vilivyomfanya mshairi. Ila alipokuwa anachipukia, palikuwapo mahali pa kwenda, na watu wa kumwambia ubeti gani umelegea.

Kisa cha pili ni cha baa, wacha Mungu mnisamehe. Green Mill ni baa ya jazi ya zamani, kijiwe cha genge la Al Capone enzi zake. Mwaka 1986 Marc Smith, mfanyakazi wa ujenzi aliyechoshwa na washairi wanaosoma wameinamia karatasi, alianzisha hapo mashindano ya ushairi ya Jumapili usiku. Majaji huokotwa miongoni mwa wasikilizaji. Asiyeridhika hupiga miguu sakafuni, huguna, na mshairi akizidi kuchosha huondoka jukwaani kwa aibu. Sasa mashindano ya aina hiyo yameenea duniani, hata Nairobi yapo. Kwetu si jambo geni: tumekuwa na malenga wakijibizana magazetini, tumekuwa na ngonjera za Mathias Mnyampala, na kwenye taarabu mtu hutunza au hununa papo hapo. Hadhira yenye mdomo tunayo. Ninachokionea wivu ni ile Jumapili. Theluji ianguke, mshairi awe mahiri au kanyaboya, watu walijua siku na mlango, kwa zaidi ya miaka 30.

Sisi tuna uzinduzi wa vitabu. Ukumbi wa hoteli umekodiwa, meza kuu imepambwa, mgeni rasmi amechelewa, na kila msemaji anatamka kwamba itifaki imezingatiwa kisha anaizingatia upya kwa dakika kumi. Nakala ya kwanza inanadiwa. Mwandishi anasoma ukurasa mmoja, kama muda umebaki, halafu picha za pamoja. Baada ya hapo kitabu hakizungumzwi tena. Fedha ya jioni ile ingelipia chai ya mwaka mzima!

Mtasema Chicago ina fedha. Kweli, jarida la *Poetry*, lililoanzishwa hapa mwaka 1912, liliahidiwa na tajiri Ruth Lilly kiasi cha dola milioni 100 mwaka 2002, na leo taasisi yake ina jengo la fahari katikati ya jiji. Lakini Bi Harsh hakuwa na fungu la namna hiyo.

Kuna suala la kutangaziana pia. Huku gazeti la bure la Chicago Reader limewaambia watu nani anasoma wapi tangu miaka ya 1970. Kwetu blogu zilianza vizuri, mkumbuke Jikomboe ya Ndesanjo Macha. Zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, na leseni ambayo gharama zake zilifika kama shilingi milioni 2, na wapo waliofunga duka. Leo tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kuwafikia walewale waliokuja mara ya mwisho. Binti wa Mbagala anayeandika mashairi nyuma ya daftari la hesabu hana habari. Bandikeni karatasi mlangoni mwa maktaba, na kwenye mbao za matangazo za shule.

Mahali papo. Ipo Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ipo Soma Book Café Mikocheni. Ombeni Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi jioni, na isihamishwe hata kwa harusi. Wakija wanne, someni kwa wanne. Chai na kashata za miezi mitatu ya mwanzo nitazituma mimi. Mgeni rasmi akitokea, mkaribisheni aketi safu yoyote yenye nafasi, na akisimama kusoma shairi lililolegea, mgune.

Wenu,
Ndugu yenu wa Chicago